Jini kaingiaje bila kuitwa? Kusoma maoni ya wasomaji baada ya kutuma sehemu mpya

SWALI: Naandika hadithi ya kusisimua yenye majini, naituma kwa vipande kwenye kundi la WhatsApp kila Jumatatu na Alhamisi, saa 2 usiku. Msimu wa kwanza uliishia sehemu ya 30, watu wakaniomba niendelee. Jumatatu hii nimetuma sehemu ya 31 inayofungua msimu wa pili. Zubeda anarudi kwao Pangani, anakuta Mzee Kombo, yule mganga, amekwisha kuzikwa, na usiku huohuo jini wa kisimani anaingia chumbani kwake na kuzungumza naye. Maoni yamenichanganya. Wapo wanaosema "moto, shusha nyingine". Wapo wanaosema fupi, na ina maneno 1,400 kama kawaida yangu. Mmoja kaandika: "Jini kaingiaje bila kuitwa?" Mwingine: "Mzee Kombo kafa kirahisi hivi? Umetuona watoto." Wa tatu kanisahihisha habari ya kombe, ile dawa ya kuandikwa sahanini. Baadhi wanasema haitishi tena. Nimsikilize nani? Niifute niiandike upya? Nimeambatanisha sehemu ya 6, ya 30 na ya 31.

JIBU

Usiifute, dada. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe na kama siku mbili na nusu za kuufuta kwa wote, lakini kipande kikishafowadiwa kwenye makundi mengine nakala zake hazirudi. Ukituma toleo la pili utakuwa na wasomaji wa namna mbili, waliosoma kwamba Mzee Kombo amezikwa na waliosoma kwamba yu hai, na ukifika sehemu ya 35 hutajua unamwandikia nani. Hadithi ya vipande hurekebishwa kwa mbele. Kazi uliyo nayo ni kuziandika sehemu ya 32 na ya 33 kwa namna ambayo msomaji akirudi kwenye ya 31 atadhani ulikusudia tangu mwanzo. Nimesoma vipande vyako vitatu, na habari njema ni kwamba vifaa vya kufanyia hivyo umekwisha kuviweka mwenyewe. Nitavifikia.

Kwanza namna ya kuyapokea maoni yenyewe, maana hapo ndipo waandishi wengi wa vipande wanapojikwaa.

Usijibu kitu chochote cha maana mpaka saa 48 zipite. Wanaojibu ndani ya nusu saa ni wale wenye simu mkononi na bando la kutosha, na mara nyingi ndio walewale kila mara. Msomaji anayesoma akiwa kitandani saa 5 usiku, au asubuhi kwenye daladala, anaandika kesho yake, na yeye ndiye huwa anataja mstari. Zipo na athari za mkumbo: wa kwanza akiandika "umeharibu", watakaofuata wanayasoma maneno yake kabla hawajaandika yao. "Umeharibu" tisa zilizofuatana kwenye kundi ni sauti moja, au mbili. Ujumbe wa pembeni, uliokujia moja kwa moja, uuhesabu peke yake, maana huyo hajaambukizwa na mtu.

Chukua daftari, au karatasi ya Excel kama umezoea, uchore safu nne: nani, mahali gani kwenye hadithi, alihisi nini, anataka ufanye nini. Nakili kila ujumbe wenye hoja. Safu ya pili na ya tatu ndizo dhahabu yako. Ya nne isome, kisha iweke kando. Msomaji anajua sana mahali palipomuuma na hajui hata kidogo dawa yake, kama mgonjwa anayeshika tumbo na kuomba dawa ya malaria. Anayekwambia "mrudishe Mzee Kombo" amekuonyesha palipo na kidonda. Dawa utaitafuta mwenyewe.

Ujumbe usiotaja mahali popote ("moto", "shusha", makopakopa na vile vichwa vinavyolipuka) hauingii kwenye daftari. Ni wa kuangalia kwa jicho la mbali tu: ukipungua kwa vipande vitatu mfululizo, kuna jambo. Na usidanganywe na tiki za bluu. Kwenye makundi hakuna anayeweza kuzizima, kwa hiyo ukibonyeza taarifa za ujumbe utaona nani kaufungua. Lakini zinakwambia kwamba mtu amefungua kundi, hazikwambii kwamba amefika mwisho wa hadithi. Ukitaka kujua nani amefika mwisho, siku inayofuata tupa swali dogo ambalo jibu lake liko kwenye aya mbili za mwisho: "Zubeda alishika nini mkononi alipokimbia?" Wakijibu wengi upesi, wamesoma. Wakianza kukisia, umepata habari ambayo tiki haitakupa.

Kitu kingine cha kuandika pembeni ya kila jina ni alianza kukusoma sehemu ya ngapi. Aliyejiunga kwenye kundi sehemu ya 25 akisema haelewi, hilo ni tatizo la mlango. Aliyekuwepo tangu sehemu ya 1 akisema haelewi, hilo ni tatizo la nyumba. Mahali pakitajwa na watu watatu ambao hawakusomana, pashughulikie. Pakitajwa na mmoja, paangalie, isipokuwa kama huyo mmoja ameuliza kama alivyouliza yule wako: "Jini kaingiaje bila kuitwa?" Huyo hata akiwa peke yake katika kundi la watu elfu, mpe kiti. Anayekumbuka jambo ulilolisema vipande ishirini na tano vilivyopita anakusoma kuliko unavyojisoma mwenyewe.

Sasa tuyachukue malalamiko moja moja, kuanzia jepesi.

"Fupi." Umeshahesabu maneno, na kweli hayajapungua. Msomaji hahesabu maneno, anahesabu mambo yaliyotokea. Sehemu ya 31 ina maneno 1,400, lakini kama 400 ya mwanzo yanarudia msimu wa kwanza: nani alikuwa nani, kisima kilichimbwa lini, Zubeda aliondoka kwa nini. Yanayofuata, kama 300, ni safari ya basi. Jambo la kwanza jipya, yaani msiba, linakuja katikati, na la pili, jini, linakuja mwishoni. Kwa hiyo msomaji wako amekula matukio mawili, na kwa kila kipande alizoea kula manne. Ndiyo njaa hiyo. Marejeo ya msimu uliopita yawe maneno 60 mpaka 80, uyatume kama ujumbe wa peke yake kabla ya kichwa cha habari, anayeyahitaji ayasome na asiyeyahitaji ayaruke. Safari ya basi ni ya sentensi tatu, labda iwe na kitu ndani yake kitakachokuja kuuma baadaye.

La kombe nalo ni jepesi, lakini usilipuuze. Umeandika kwamba Mzee Kombo, enzi za uhai wake, alimwandikia Zubeda kombe kwa kalamu ya biro, wino mwekundu. Msomaji wa pwani akifika hapo anasimama. Kombe huandikwa aya kwa zaafarani iliyoloweshwa, mara nyingi kwa marashi ya waridi, kwenye sahani nyeupe. Siku hizi wapo wanaotumia rangi ya chakula kwa sababu zaafarani ni ghali. Kisha maandishi huoshwa kwa maji, na maji yale mgonjwa huyanywa. Wino wa biro haunywewi. Hapa msomaji yuko sahihi kabisa na hakuna cha kujadili: mshukuru kwenye kundi, waziwazi, na mahali pengine popote kombe litakapotajwa liandike sawasawa. Sababu ya kulijali ni hii. Msomaji anakukopesha imani ili akubali jini. Dhamana anayoshika ni vile vitu anavyovijua: bei ya nauli, harufu ya ubani kwenye chetezo, namna maiti inavyooshwa, saa ambayo bahari hukupwa. Ukikosea kwenye sahani ya kombe, kwa nini akuamini kwenye kisima?

Hilo tuliite kosa la dunia. Kosa la dunia husahihishwa tu. Kosa la sharti ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililoibeba sehemu yako yote ya 31.

Kila hadithi ya majini ina masharti, kama dawa ya mganga. Msomaji hayadai yawe masharti ya kweli wala yafanane na anayosimuliwa na bibi yake. Anadai ulivyosema ndivyo iwe. Kwenye sehemu ya 6 Mzee Kombo anamwambia Zubeda mambo mawili: jini wa kisima haingii chumbani mpaka mtu aliye ndani amwite kwa jina lake mara tatu, na havuki chumvi ya mawe. Vizuri sana. Masharti mawili, mafupi, mtoto anayashika. Kuanzia hapo hofu yote ya msimu wa kwanza ilikaa juu ya hayo mawili: kila mtu aliyefungua kinywa usiku, msomaji alihesabu. Halafu sehemu ya 31 mlango unasikika ukifunguka, na jini yumo chumbani kama mpangaji. Msomaji aliyeuliza "kaingiaje" hakuuliza kwa udadisi. Anauliza kama ile hesabu aliyoifanya vipande ishirini na tano ilikuwa na faida.

Na hapa ndipo malalamiko yako ya "haitishi tena" yalipozaliwa. Wengi waliosema hivyo hawajui kwa nini, ndiyo maana hawakutaja mahali. Hofu katika hadithi za aina hii haitoki kwenye macho mekundu, inatoka kwenye mpaka. Jini asiye na mpaka hatishi, kwa sababu hakuna tunachoweza kukilinda. Akiweza kuingia wakati wowote, basi kumwaga chumvi mlangoni ni kupoteza chumvi.

Sasa utalitengenezaje? Njia ziko tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza: kumbe aliitwa, ila sisi hatukusikia. Mtoto alikuwa anaimba dirishani, au mama aliweweseka usingizini. Njia hii ni halali lakini dhaifu, kwa sababu umeileta baada ya kosa, na msomaji mkali ataona ni kiraka. Itumie tu kama kwenye kipande kilichokwisha kutoka kuna sauti ya mtu iliyosikika. Kwenye ya 31 haipo. Mama amelala, kaka yuko msibani.

Ya pili: Mzee Kombo alidanganya. Sharti la kuitwa halikuwepo kamwe, alilitunga kwa sababu zake. Hii ina nguvu nyingi na ni hatari nyingi. Inageuza msimu wote wa kwanza, na msomaji atataka kujua sababu ndani ya vipande viwili, si kumi. Ni bunduki ya risasi moja. Ukishasema mganga alidanganya sharti moja, sharti lolote utakaloweka baadaye halitaaminiwa. Mimi nisingeitumia kwenye sehemu ya 32, msimu wa pili ukiwa ndio kwanza umeanza.

Ya tatu ndiyo ninayokushauri, na imo tayari kwenye sehemu ya 30, sijui kama uliiona ulipokuwa unaiandika. Zubeda anafunga begi. Mama yake anaingia na mtungi, ameujaza maji ya kisimani, anauweka uvunguni mwa kitanda, anasema: "Ukirudi ukute maji ya kwenu." Kisha mlango unafungwa, chumba kinakaa miezi saba bila mtu. Sharti la Mzee Kombo linasema jini haingii mpaka aitwe. Halisemi kitu juu ya jini aliyebebwa. Usiku wa sehemu ya 31 hakuingia chumbani, alikuwemo. Mlango uliosikika ukifunguka ulikuwa unafunguka kumtoa.

Sharti limebaki zima, hesabu ya msomaji imebaki na thamani, na aliyeuliza swali atapata jibu baya kuliko alilolitegemea, yaani jibu zuri. Mama naye ghafla anaanza kutazamwa kwa jicho jingine, na wewe hujamgusa.

Lifanye hivi kwenye sehemu ya 32. Mhusika aulize swali la msomaji, kwa sauti, ndani ya maneno 150 ya mwanzo. Hii inamwambia msomaji kwamba mwandishi analijua tatizo na ana mkono juu yake. Halafu usilijibu kwa maneno, lijibu kwa kitu. Mfano:

"Zubeda alijikuta anahesabu kwa vidole. Nani alimwita? Yeye hakumwita. Mama alilala tangu saa 3. Kaka alikuwa msibani, na hata hilo jina halijui. Akahesabu tena, akakwama kwenye kidole kilekile. Alipoinama kutafuta ndala ndipo akauona: kwenye saruji kavu, karibu na uvungu, unyayo mmoja wa maji. Akautafuta mwingine mlangoni, akaupata. Vidole vya nyayo zote mbili vilikuwa vimeelekea nje."

Ishia hapo, hamia eneo jingine. Mtungi usiutaje. Wapo watakaoukumbuka wenyewe, na hao watarudi sehemu ya 30 kuutafuta na kuwapelekea wenzao. Msomaji akigundua jambo peke yake hulitetea kuliko ulivyoweza kulitetea wewe. Mtungi uonekane waziwazi sehemu ya 33, ukiwa mtupu.

Ili lisitokee tena, fungua ukurasa mmoja wa masharti nyuma ya daftari lako. Maswali manne yanatosha: anaingiaje, anazuiwa na nini, anataka nini, nani anaweza kumwona. Mbele ya kila jibu andika namba ya sehemu lilipotajwa na nani alilitaja, maana sharti lililosemwa na mhusika linaweza kuja kuwa na kasoro, lakini lililosemwa na wewe msimulizi haliwezi. Kabla ya kutuma kila kipande, soma ukurasa ule. Ni kazi ya dakika tano. Na masharti yasizidi manne au matano kwa hadithi nzima. Yakifika tisa msomaji ataacha kuhesabu, na akiacha kuhesabu ameacha kuogopa.

Kuna sababu nyingine ya "haitishi", nayo iko kwenye mdomo wa jini. Umeandika: "Mimi ndiye mwenye kisima hiki. Nimekaa humu miaka mia tatu. Babu yako alinipa ahadi, na ahadi hiyo hakuitimiza..." na anaendelea kwa aya tatu. Jini anayetoa maelezo amekuwa karani. Katika aya hizo tatu umemaliza siri ya umri wake, ya babu na ya ahadi, siri tatu ambazo zingekulisha vipande sita. Kwa kuwa zimekwisha kutoka huwezi kuzirudisha, lakini unaweza kuzitia shaka: sehemu ya 33 au ya 34 Zubeda akute kaburi la babu, na tarehe iliyochorwa pale isikubaliane na maneno ya jini. Kuanzia sasa jini asizidi sentensi mbili kwa kila kipande, na moja iwe swali. Muhammed Said Abdulla alilifahamu hili tangu kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960: mzimu hauongei, wanaoongea ni watu wanaouogopa, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akaja kupenya katikati ya maneno yao. Hadithi yako si ya upelelezi kama ile, lakini ukimya ule ni wa kuazima bila kulipa.

Tufike kwa Mzee Kombo, ambaye naona ndiye aliyekukosesha usingizi.

Hasira ya msomaji juu ya kifo cha mhusika si dalili mbaya. Desemba 1893 mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wa hadithi zake, Sherlock Holmes, kwenye maporomoko ya maji ya Reichenbach, Uswisi, na husimuliwa kwamba watu zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua jarida la The Strand. Mwaka 1903 akamrudisha. Waandishi wengi hukumbuka sehemu ya kurudi wakasahau kwa nini iliwezekana: mwili haukuonekana. Wewe umemwosha Mzee Kombo, umemvika sanda na kumzika kwa mistari miwili. Njia pekee ya kumrudisha ni msukule, na hiyo wasomaji wataiona inakuja kutoka ng'ambo ya mto. Aliyekufa abaki amekufa.

Lakini soma tena ujumbe ule: "kafa kirahisi hivi?" Neno zito pale ni kirahisi. Hajakataa kifo, amekataa bei. Mtu aliyemlinda Zubeda kwa vipande ishirini na nne ametajwa na jirani kituo cha basi, "mzee wako tulimzika wiki iliyopita", kisha hadithi ikasonga. Msomaji anataka kifo kile kiwe kimegharimu kitu na kimeacha kitu.

Kwa hiyo mpe kifo chake sasa, kwa kuchelewa, na kwa mdomo wa shahidi. Zubeda hakuwepo, na hata angekuwepo, maiti ya mwanamume huoshwa na wanaume. Kaka yake ndiye aliyeshika birika. Sehemu ya 33, kaka anasimulia kwa kusitasita, kama mtu anayesimulia jambo asilotaka kulijua: walipotaka kumfunga taya mzee, kinywa hakikufumba. Muoshaji akaingiza kidole, akatoa bonge la chumvi ya mawe, kisha jingine. Kinywa chote kilijaa chumvi, mpaka kooni.

Unaona kilichotokea? Masharti yako mawili yamekutana mdomoni mwa mzee. Jini hawezi kuingia mpaka aitwe, kwa hiyo alikuwa anamlazimisha Mzee Kombo amwite. Mzee akaukomea mlango wa jina. Kifo kilichoitwa kirahisi sasa ndicho kigumu kuliko vyote kwenye hadithi, nawe hukubadilisha hata neno la sehemu ya 31. Na kikikaa karibu na mtungi, kinauma zaidi: mzee alikufa akiulinda mlango wakati jini yuko uvunguni.

Hilo la chumvi kinywani litoke kwa kaka peke yake. Msimulizi asilithibitishe. Akitokea msomaji wa kuuliza, "Je, ni jini au kuna mtu alimjaza mzee chumvi?", umefika pazuri kabisa, na kosa kubwa litakuwa kumjibu. Ukishaandika kwenye kundi "ni jini kweli, subirini", umefunga mlango ambao hadithi ilitakiwa kuufunga yenyewe. Swali la namna hiyo lijibu kwa swali: "Wewe unaonaje?" Waache wabishane. Mabishano ya siku tatu kati ya kipande na kipande ndiyo yanayoleta wasomaji wapya, si tangazo.

Kwa sababu hiyohiyo usipige kura za kuamua hadithi. Najua WhatsApp inakuruhusu kuweka kura yenye majibu mpaka 12, na inavutia kuuliza "nani afe sehemu ya 40?" Ukifanya hivyo mara moja wataanza kuamini kwamba vifo vyako ni vya kuombwa. Piga kura juu ya saa ya kutuma, ukubwa wa kipande, au kama wanataka sauti pamoja na maandishi. Njama usiipigie kura. Na anayekutumia ujumbe wa pembeni kukubashiria kitakachotokea, akapatia, usibadilishe ili kumkomoa. Mmoja kupatia maana yake dalili zako zinasomeka. Wakipatia robo ya kundi kabla ya wakati, hapo ndipo uharakishe tukio, si kuligeuza.

Yapo na maoni ambayo unaweza kuyaacha bila dhambi. Anayetaka Zubeda aolewe haraka. Anayetaka vipande viwili kwa siku bure. Anayesema hadithi za majini ni kufuru na bado hajatoka kundini tangu sehemu ya 9. Huyo ni msomaji wako, mwache.

Kundini, leo Jumatano saa 2 usiku ikipita, andika mistari michache tu. Usiombe radhi kwa hadithi, usijitetee, usitoe siri: "Asanteni kwa maoni, nimeyasoma yote. Aliyenisahihisha kuhusu kombe, ahsante sana, umesema kweli na nitalizingatia. Aliyeuliza jini kaingiaje, swali lako Zubeda naye analo. Sehemu ya 32 kesho saa 2 usiku." Mstari wa tatu ndio utakaowarudisha hata wale waliosema umeharibu.

Kesho tuma saa 2 kamili, si saa 2 na robo. Maneno 1,400 yaleyale yanatosha, ila ndani yake yatokee mambo manne: hesabu ya vidole na unyayo, mama kuamka na kukuta Zubeda amepiga magoti sakafuni, kaka kurudi kutoka msibani akiwa amebadilika na hataki kula chochote chenye chumvi, na la nne ulichague wewe. Kata pale kaka anaposukuma sahani.